Shangi Haina Usingizi

Nilifika nyumbani Njoro, Nakuru, kutoka Kisumu mchana wa jua kali, nikakuta turubai la buluu limetandikwa uani na juu yake viazi vyangu vyote. Havikurundikwa. Vilipangwa kimoja kimoja, kila kimoja na nafasi yake, na mama mkwe ameketi kwenye kigoda kando yake, leso begani, ufito wa kufukuzia kuku mkononi.

"Karibu, Mama Imani," akasema. "Nimekuwa nikivigeuza asubuhi na jioni. Vikishakauka utie kwenye gunia."

Nilipoondoka nilikuwa nimeviacha stoo, chini ya magunia makuukuu. Nikainama, nikaokota kimoja. Upande uliotazama jua ulikuwa umeanza kuingia kijani, kile cha kufifia ambacho jioni usingekiona. Kwenye macho ya kiazi ndiko kulikoshika zaidi. Nikaokota kingine, na kingine.

Nilimshukuru. Mama aliyetoka Busia kwa matatu mbili na jogoo kwenye kapu humpokei kwa hesabu ya hasara.

Ilikuwa mezani, ugali ukielekea kuisha, ndipo nilipopenyeza kwamba viazi hivi huwa havianikwi juani. Hakukasirika. Alitafuna, akameza, akauliza.

"Kama havianikwi, vinawekwaje?"

"Gizani, Mama. Mahali penye hewa."

"Mpaka lini?"

Mume wangu akaomba mboga zaidi. Mimi sikuwa na jibu, na wiki kadhaa baadaye bado nilikuwa nalitafuta.

## Akili ya mahindi

Mfikirie mtu ambaye maisha yake yote chakula cha nyumba kimekuwa kitu cha kuanikwa. Mahindi, mtama, wimbi, maharagwe, njugu: vyote hupita juani kabla ya kuingia ndani. Mahindi ukiyafikisha unyevu wa asilimia 13.5 umemaliza kazi. Ukiwazuia dumuzi na panya yatakungoja hadi msimu mwingine. Ukiyaingiza na maji yake yanashika ukungu, na kwenye ukungu kuna sumukuvu. Nyumba nyingi za magharibi ya Kenya zimejengwa juu ya maarifa hayo, na mama ameyashika vizuri kuliko mimi niliyekulia mjini.

Kiazi kiko upande mwingine kabisa. Karibu asilimia 80 yake ni maji, na maji hayo ndiyo tunayotaka yabaki. Tena si mbegu, si tunda, wala si mzizi. Ni shina lililonenepa chini ya udongo, na yale macho ni machipukizi yanayosubiri. Kikishachimbwa hakifi, kinaendelea kupumua ndani ya gunia, kinatoa joto na kinatoa jasho. Na kwa kuwa ni shina, kikipata mwanga kinaingia kijani.

Kijani chenyewe hakina ubaya, ndicho kilichomo kwenye sukuma wiki. Ubaya ni kinachokuja nacho. Mwanga unaoleta rangi hiyo huongeza pia solanini, sumu inayojilimbikiza kwenye ganda, chini ya ganda kidogo, na hasa kwenye machipukizi. Huacha uchungu ulimini, na ikizidi mtu hutapika, huharisha, huumwa na kichwa. Kuchemsha hakuiondoi. Doa dogo unalikata kwa kuzamisha kisu. Kiazi kilichoingia kijani mwili mzima hakiliwi. Wala si kazi ya jua peke yake. Meza ya sokoni inayokaa wazi mchana kutwa, au taa ya jikoni isiyozimwa, hufika huko huko polepole. Ndiyo maana sinunui kile kiazi cha juu ya ndoo, kilichopangwa kipendeze.

Hayo nilikuwa nayajua, na nilimweleza mama kesho yake tukiosha vyombo. Akaitikia kwa kichwa.

Swali lake la pili likabaki pale pale.

## Aina tuliyojichagulia

Viazi vyangu ni Shangi, kama vya karibu kila mtu huku. Inakomaa kwa miezi mitatu au pungufu. Jikoni inaiva upesi, kwenye karai inakaangika vizuri, na dalali haulizi mara mbili. Wakulima waliipanda na kugawiana mbegu yake kwa miaka kabla haijaingizwa rasmi kwenye orodha ya aina zinazotambuliwa.

Kuna sifa moja tuliyoipendea ambayo hatuitaji sana. Kiazi chochote kikishavunwa hulala. Kwa muda fulani, hata ukikipa joto na unyevu, hakichipui. Aina nyingine hulala miezi miwili, mitatu. Shangi hulala mwezi hivi, na penye joto hata mwezi haumalizi. Kwa mtu wa Molo au Kuresoi anayevuna mvua ndefu na kutaka kupanda tena mvua fupi, hiyo ni neema: mbegu yake iko macho anapoihitaji, hana haja ya kuibembeleza.

Sifa iliyoipa Shangi shamba ndiyo inayoinyima stoo.

Nilipofika hapo nikaanza kushuku kwamba nilikuwa nalishughulikia swali la mama kwa mkono usio wake. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya mbao za rafu. Nilikuwa nasoma kuhusu vibanda vya makaa vinavyopozwa kwa maji. Yote hayo ni ya kumlazimisha mtu aliyeamka arudi kitandani.

Kilichonigeuza zaidi ni kusoma jinsi watu wa bustani huko Uingereza wanavyoligawa jambo hili. Wao wana viazi vya mapema, vinavyochimbwa wiki kumi hadi kumi na tatu hivi baada ya kupandwa, mara nyingi mmea ukiwa kwenye maua. Hivyo huliwa siku hiyo au baada ya siku chache. Hakuna anayejisumbua kuviweka. Vya kuwekwa kwa majira ya baridi ni kundi jingine, vinavyokaa ardhini muda mrefu zaidi na kuachwa hadi majani yafe yenyewe. Ukihesabu miezi, Shangi inaangukia kundi la kwanza. Tumechukua kiazi cha mapema, tukakidai kazi ya kiazi cha stoo, kisha tunakilaumu kwa kuota.

## Dole gumba

Lakini hata kiazi cha mapema kina siku yake, na hapo ndipo watu wa karibu na mimi wanapotofautiana.

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mbegu huko Molo, hahesabu siku. Huingiza mkono ubavuni mwa tuta, akatoa kiazi kimoja bila kung'oa mmea, akakipangusa kwenye suruali. Kisha anaweka dole gumba juu ya ganda na kulisukuma upande, kwa nguvu, mara moja.

Nilimwona akifanya hivyo kwangu mwishoni mwa Juni. Ganda lilisogea. Lilitoka jembamba na lenye maji, likajikunja mbele ya ukucha, na chini yake pakabaki nyama nyeupe inayong'aa. Pale pale, mbele ya macho yetu, ukingo wa jeraha ukaanza kubadilika rangi.

"Hiki ni cha sufuria," akasema. "Si cha gunia."

Kiazi kilichokomaa unakisugua hadi kidole kipate moto na hakitoi kitu. Kuna dalili nyingine, ndogo, niliyojifunza siku hiyo: kile kikonyo kinachokiunganisha na mmea. Kwenye kiazi kichanga lazima uvute, na mara nyingine kikonyo kinang'oka na kipande cha ganda. Kwenye kilichoiva kinaachia chenyewe ukikigusa.

Majani yakianza kuwa ya manjano na kulala, mzee hangoji yakauke yote. Anafyeka mashina usawa wa udongo, anayatoa shambani, anaacha viazi chini kwa wiki mbili hivi. Mmea ukishakatwa, kiazi hakiongezeki tena. Kinachoendelea huko chini ni ganda kushika. Wiki hizo mbili ndizo zinazoamua kama kiazi kitavumilia jembe, gunia, bega la mtu na lori. Na kama bleiti, ule ugonjwa unaounguza majani, ilikuwa imeingia shambani, kuyakata majani na kuyaondoa mapema kunapunguza ugonjwa kuanguka juu ya viazi unapochimba.

Niliuliza kama si hasara. Kila wiki mmea ukiwa hai, viazi vinaongezeka uzito; ukiukata umejikata mwenyewe kilo kadhaa.

"Ni hasara," akakubali. "Chagua hasara yako."

Nililipenda jibu hilo kuliko ushauri wote niliousoma. Ukitaka uzito, acha mmea uendelee. Ukitaka ganda, kata. Ukitaka cha kupika leo, papasa tuta, chukua viwili vikubwa, rudishia udongo, na mmea utaendelea kunenepesha vilivyobaki. Hivyo vya kupapasa humenywi kwa kisu. Unavisugua kwa mikono ndani ya maji, ganda linatoka lenyewe, unatia chumvi. Watoto wangu wanavila bila mboga.

## Haraka ya lori

Barabarani mambo ni mengine. Viazi vikiadimika na bei ikapanda, lori hufika kabla ganda halijashika. Wachimbaji huja na mnunuzi, wanachimba wenyewe, na ikifika jioni shamba limehamia kwenye magunia. Ukipita soko la Wakulima hapa Nakuru siku kama hizo utavitambua kwa mbali: viazi vyenye mabaka ya kahawia yaliyochubuka, vimelowa kana kwamba vimeoshwa.

Simlaumu mkulima. Mwenye karo ya shule mlangoni hasubiri ganda la kiazi. Kinachoniudhi ni kwamba mzigo huo wote hushuka chini hadi kwa mwenye kibanda cha chipsi. Kiazi kichanga kina maji mengi na wanga kidogo, kwa hiyo kinakunywa mafuta na kutoka kimelegea. Sukari yake ikiwa bado juu, kinageuka kahawia kabla hakijaiva ndani. Mteja anadhani mafuta ni ya jana.

Kisha kuna gunia lenyewe. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema mfuko usizidi kilo 50. Kabla ya hapo, na mahali pengine hadi leo, gunia hufungwa wavu kichwani, ule mukurino, na kubebeshwa kuliko uwezo wake. Watu hulijadili jambo hilo kama suala la bei tu, na kweli mkulima anaibiwa. Ila litazame kwa upande wa kiazi kilicho chini kabisa ya gunia hilo, ganda halijafunga, juu yake kuna uzito wa mtu mzima na zaidi, na barabara ni ile ya Keringet. Kikifika sokoni kinakuwa kimeshaanza kuoza kwa ndani, hata kama kwa nje kinatazamika.

## Alichosema mama kwa simu

Mama aliporudi Busia aliondoka na ndoo ya viazi, vile ambavyo havikuguswa sana na jua. Nilimwambia aviweke chini ya kitanda, mbali na dirisha. Alifanya hivyo. Haukupita muda mrefu akapiga simu.

"Vimeota. Vyote."

Nilianza kumweleza habari za joto. Busia si Njoro. Huko usiku wenyewe ni wa joto, na joto hukiamsha kiazi mapema. Hata Kisumu ni hivyo hivyo. Kiazi cha kula hupenda nyuzi saba hadi kumi za Selsiasi, na hapa kwetu usiku wa Julai hukaribia hapo bila mtambo wowote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho alikuwa nacho muda wote.

"Kumbe ni kama viazi vitamu. Unachimba cha leo, cha kesho unakiacha."

Nilikaa na simu mkononi. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kung'oa shamba zima la viazi vitamu kwa siku moja. Anatembea kwenye matuta, anatazama udongo ulipopasuka kwa sababu kiazi kimenenepa chini yake, anachokoa pale tu, anafukia. Stoo yake ya viazi vitamu imekuwa shamba siku zote. Alipoona hivi vya kizungu vimeshachimbwa vyote na kuletwa ndani, akaona ni mavuno ya aina ile nyingine, ya nafaka, na mavuno ya aina hiyo huanikwa. Mantiki yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu. Mimi ndiye niliyeleta stoo kitu ambacho kingeweza kubaki nje.

## Lakini udongo nao

Hapa nilitaka kufurahi na kufunga mjadala. Jirani akanizuia.

Udongo ni stoo nzuri ukiwa mkavu kiasi na umefunika vizuri. Nakuru hatuna uhakika huo. Mvua za Machi hadi Mei zikipungua, nyingine hupanda tena Agosti, wakati ule ule ambapo viazi vya mvua ndefu vimeiva na vinangoja. Alinichimbulia kimoja kwenye kona ya shamba ambako maji husimama. Ganda lilikuwa limejaa vipele vyeupe vidogo, vimevimba, kama chumvi iliyoganda. Ni vitundu vya kupumulia, akasema. Udongo ukijaa maji, kiazi kinakosa hewa na vitundu vinafunguka kutafuta. Kiazi cha namna hiyo bado kinalika, ukikila leo. Ukikiweka, vile vipele ndivyo mlango wa uozo.

Kiangazi kina adui wake. Udongo ukikauka ukapasuka, nondo wa viazi hutaga mayai kupitia nyufa hizo, na funza wake hutoboa njia ndani ya kiazi, akiacha uchafu mweusi mdomoni mwa tundu. Kupandishia udongo kwenye matuta husaidia kuliko dawa, nijuavyo mimi. Kisha kuna fuko, ambaye hajali msimu na ambaye mwaka huu ameshakula mstari mzima wa karoti zangu.

Kwa hiyo ardhi hukupa wiki chache za neema, ikiwa hali ya hewa inakubali. Haikupi miezi. Na mtu aliye na mvua mlangoni hana budi kuchimba, apende asipende.

## Ukishavileta ndani

Hapa nitapita haraka, maana maarifa haya yako kila mahali.

Chimba siku kavu. Acha viazi vikauke juu ya tuta saa moja mbili tu, udongo udondoke wenyewe. Mama hakukosea kutaka vikauke, alikosea muda na jua. Usivioshe. Vilivyokatwa na jembe toa kando, uvile na sukuma za leo usiku. Vingine vipe siku kama kumi na nne mahali pa giza, penye hewa na ubaridi wa wastani, ili michubuko ijifunge. Baada ya hapo, penye ubaridi zaidi kama unapo. Tumia magunia ya katani au nyavu, sio ya nailoni, juu ya mbao na sio juu ya saruji. Pitia kila wiki kwa pua. Kiazi kimoja kikilainika utajua kabla hujakiona.

Friji hapana. Ni baridi mno kwa kiazi: kwenye nyuzi nne hivi wanga huanza kugeuka sukari, na chipsi zinatoka nyeusi na tamu. Najua kuna nyumba ambazo zinaweka. Wanaochemsha hawatalalamika sana, wanaokaanga watalalamika.

Ukifanya yote hayo, Shangi itakupa wiki chache. Bado itaota.

## Wanaoanika kweli

Wazo la kukianika kiazi, hata hivyo, si la kuchekwa. Kwao kiazi hiki ni milima ya Andes, Peru na Bolivia, na watu wa huko wamekuwa wakikianika tangu zamani sana. Wanaviacha nje kwenye baridi ya usiku inayogandisha, mchana vinayeyuka, wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, kisha jua la nyanda za juu linamalizia. Kinachobaki ni kitu chepesi, kigumu, kinachoitwa chuño, na kinakaa miaka.

Na Wateso wa upande wa mama wana yao. Viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa hadi vigongane kwa sauti; hiyo ndiyo amukeke, ya kuchemsha na maharagwe au kunde. Vingine hupondwa kabla ya kuanikwa, na hivyo ni inginyo. Katika njia zote hizi, za Andes na za Teso, maji yanatolewa kwanza kwa kukata, kuponda au kukanyaga. Hakuna anayeanika kiazi kizima na ganda lake na kutegemea kikauke. Ganda limeumbwa kuzuia hilo hilo.

Nilimwambia mama habari ya kukanyaga kwa miguu. Alicheka sana, akauliza kama wanaosha miguu kwanza.

## Vile vya kijani

Viazi vya turubai sikuvitupa. Vilivyokolea kijani nilivipanga kwenye trei za mbao kibarazani, safu moja, kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Mwanga unaokiharibu kiazi cha kula ndio unaokifaa kiazi cha mbegu: chipukizi halirefuki na kupauka kama lile la gizani, linabaki fupi, nene, lenye rangi, na halivunjiki unapopanda. Watu wa mbegu hujenga vibanda vizima kwa ajili ya mwanga wa namna hiyo.

Sisemi kila mtu abaki na mbegu yake mwenyewe. Mbegu ya nyumbani hurithi virusi msimu hadi msimu na mavuno hupungua, na mnyauko wa bakteria ukiwa umeingia shambani unaupanda tena kwa mikono yako. Mmoja wa mimea yangu ungenyauka ukiwa bado wa kijani, ningevitupa vyote. Hakuna uliofanya hivyo, na mbegu iliyoidhinishwa ni ghali kwa kashamba kama kangu, kwa hiyo nimejipa msimu mmoja zaidi kabla sijanunua upya.

## Mistari ya sasa

Mvua fupi zikija sitapanda kila kitu siku moja. Nimegawa shamba: Shangi kwenye mistari michache, halafu baada ya wiki mbili tatu mingine, halafu mingine, ili kuwe na tuta la kupapasa muda mrefu zaidi. Katika eneo lenye mvua mbili hili linawezekana; mstari wa mwisho unaweza kukosa maji, na ukikosa, basi.

Kwa ajili ya stoo nataka kipande cha Dutch Robijn, kile chekundu chenye asili ya Uholanzi ambacho watengenezaji wa krispi wanakipenda. Kinachelewa kuliko Shangi na hulala muda mrefu zaidi kikishavunwa. Sherekea pia hulala. Nyumbani kuna upinzani. Mume wangu anasema Robijn ni ya viwandani, inachukua gesi nyingi kuiva, na kwamba hakuna aliyewahi kula mukimo wa viazi vyekundu akaomba tena. Hilo si kweli, nimemwona akila. Tatizo langu ni mbegu yake, ambayo huku Njoro naambiwa niagize mapema, na kila ninayemuuliza anaishia kunipa bei ya Shangi.

Mama ameomba nimletee akija Desemba. Nimemwuliza anataka ipi, ya stoo au ya sufuria. Amesema zote mbili, na nisimpe tena maelekezo ya chini ya kitanda.